Woga wa Ambwene

Nilimkuta Fundi Lwitiko juu ya paa la kanisa, na mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa huko huko juu pamoja naye.

Naanzia hapo kwa makusudi, maana kila ninapoeleza habari za zile kofia watu hunikatiza: "Lakini Atuganile, si zilikuwa zinaponya?" Ndiyo, zilikuwa zinaponya! Nani amekataa? Fundi Lwitiko alikuwa mgonjwa wetu wa kumi na moja. Fundi wa mapaa, na tangu mwenzake aanguke mbele ya macho yake alishindwa kupanda hata stuli. Miaka sita amekaa chini akiwaelekeza vijana kwa kelele. Pale kwenye Kituo chetu cha kutibu woga, Tukuyu, tulimvalisha kofia saa nane mchana, tukampandisha ngazi hatua kwa hatua, na saa kumi alishuka kutoka ghorofa ya tatu akiimba. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Nililia, wala sioni haya kusema.

Sasa ilikuwa miezi mitatu baadaye, na utaratibu wetu ulinitaka niende nikamwangalie. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mabati yalikuwa yanateleza. Fundi amekaa ukingoni kabisa, miguu inaning'inia, anatafuna muhindi wa kuchoma. Mjukuu wake Ikupa alikuwa anatembea pale juu kabisa, mabati ya pande mbili yanapokutana, mikono ameinyoosha, anahesabu hatua zake kwa sauti.

"Fundi!" nilipiga ukelele. "Mtoto!"

"Karibu, Daktari! Umemwona? Hana woga hata chembe. Amenirithi mimi huyo."

"Mshushe!"

"Aa, atashuka mwenyewe akichoka."

Sikumbuki nilivyoipanda ile ngazi. Najua nilivua viatu, nikatambaa kwa magoti, nikamdaka mtoto kwa gauni lake, naye akaanza kunililia kwamba nimemharibia hesabu. Fundi Lwitiko alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa.

"Pole sana, mwanangu," aliniambia. "Kumbe nawe unaogopa paa? Si uivae tu ile kofia?"

Tulipofika chini nilimuuliza: je, kama mtoto angeteleza? Alifikiri kwa uaminifu, maana ni mtu mwema, hajawahi kunijibu ovyo.

"Angeumia. Labda angekufa." Akajigusa kifuani kwa kidole. "Najua hapa ningepaswa kusikia kitu. Mama Ikupa naye ananiuliza hivyo hivyo. Nakitafuta, Daktari, sikioni. Ila nalala vizuri mno siku hizi."

Nilirudi Kituoni kwa miguu, karibu kilomita nne, na gari la Kituo lisilo na dereva likinifuata nyuma taratibu na kuniuliza kila baada ya dakika mbili kama ningependa kupanda. Nililitukana. Nisingeweza kukaa kitini.

Tiba ya zamani ya woga ni ya kikatili na ni rahisi. Unamweka mtu mbele ya kitu anachokiogopa, halafu unamzuia asikimbie. Mwenye wasiwasi wa uchafu anashika uchafu, kisha hanawi. Basi, hakuna uchawi mwingine. Woga unapanda, unapanda, anaona sasa anakufa, na hafi. Ukifika kileleni unaanza kushuka wenyewe, na ubongo unajifunza kitu ambacho hakuna maneno yangeufundisha. Lakini ni wiki na wiki za jasho, na nusu ya wagonjwa hutoroka kabla haujashuka hata mara moja. Kofia ilikuja kuondoa hilo. Inausoma woga unavyopanda, kwa alama kutoka sifuri mpaka mia, na ukigusa arobaini inaubana usivuke hapo. Mgonjwa anasimama mbele ya nyoka akiwa na woga wa mtu aliyesahau mwavuli nyumbani. Somo linaingia kwa mchana mmoja.

Kinachobanwa ni nini hasa, na kinaachiwa lini, hilo hatukulijua. Nami nilikuwa nimetoka kuliona likitembea juu ya paa na gauni la njano.

"Ni mtu mmoja tu, Atuganile," alisema Dokta Shekilindi, mkuu wetu wa Kituo. Alikuwa anapanga karatasi zake huku nikizunguka ofisi yake kutoka dirishani mpaka mlangoni. "Tumetibu hamsini na tatu. Kwani yeye analalamika?"

"Atalalamikaje? Kulalamika kwenyewe kunataka woga kidogo!"

"Kaa chini, unanizungushia kichwa. Ripoti yako nitaiweka pamoja na nyingine. Baraza la Idhini linakuja baada ya wiki sita. Wakikubali, kofia itakwenda kila zahanati nchini, na shule zimeshaanza kuniuliza, wanataka ya watoto wa mitihani. Unataka niwaambie nini? Kwamba kuna babu ana furaha kupita kiasi?" Akaniangalia juu ya miwani yake. "Halafu kuna ndugu yako. Zamu yake ni Jumatatu, na umemsubirishia nafasi hiyo mwaka mzima. Nimwondoe?"

Nilikaa chini. Yeye alijua kwamba nitakaa kabla hajafungua mdomo.

Ndugu yangu anaitwa Ambwene, mdogo wangu wa mwisho, mwalimu wa hesabu. Siku mkewe Sekela alipojifungua, Ambwene alishika kitasa cha hospitali, akaanza kuhisi kwamba mikono yake imebeba kitu kitakachomuua mtoto. Hajui ni kitu gani. Anajua kabisa kwamba hakipo. Hilo ndilo watu hawalielewi: anajua, na kujua hakumsaidii. Alihamia jiko la nje. Anafundisha huko kupitia skrini ya ukutani, analala huko, ananawa huko, na dawa ya kufulia nguo nyeupe imemchana vidole mpaka nyama inaonekana. Binti yake Tumpe alikuwa ametimiza miaka mitatu na baba yake alikuwa hajawahi kumgusa. Kila asubuhi mtoto alikuja dirishani, akabusu kioo, akakimbia. Baba akibaki nyuma, anakipangusa kile kioo kwa dawa huku analia.

Tulijaribu tiba ya zamani mara mbili, na mara zote mbili tuliiua sisi wenyewe, watu wa nyumbani. Kwetu mtu hali mpaka mwenzake amemmiminia maji mikononi, na aliyemmiminia Ambwene alikuwa Mama. Akisema, "Tena, Mama," anamiminiwa tena. Mara nane, mara kumi, birika linajazwa upya, na Mama anasema, "Pole, baba, pole." Angekataaje? Kumnyima mtoto wako maji ya kunawa, hata mgeni usiyempenda humfanyii hivyo. Tiba inasema asinawe, adabu inasema anawishwe, na adabu ilishinda bila hata kupigana. Nami sikuwa bora. Mimi, niliyelisomea jambo hili mpaka nikaota mvi, nilipokea simu zake kazini mara saba kwa siku. "Dada, nilishika ndoo, si nilinawa baadaye?" Ulinawa, Ambwene. "Una hakika?" Nina hakika. Kila jibu nililompa liliufanya ugonjwa unenepe, nilijua hivyo, na nikaendelea kujibu. Haya, wewe ungemwacha mdogo wako akitetemeka kwenye simu?

Jumamosi nilikwenda kwake nikamweleza habari yote ya Fundi Lwitiko. Sikuficha kitu. Yeye alikuwa ndani ya jiko, mimi nje, kioo katikati yetu.

"Kwa hiyo inaondoa na woga mwingine," alisema.

"Inaweza. Ule wa kumlinda mtu. Ambwene, unampenda Tumpe kwa woga tu sasa hivi. Sijui kofia ikiuondoa kitabaki nini."

"Mwezi uliopita alianguka hapo uani." Alionyesha kwa kidole kilichofungwa kitambaa. "Hapo hapo uliposimama. Damu mdomoni, ananiita. Nilisimama hapa mikono hewani mpaka Sekela akatoka bafuni. Huo ndio woga unaotaka niutunze, Dada?"

"Sisemi hivyo."

"Unasema hivyo. Umeniambia hatari, nimeisikia, nimeikubali. Mimi si mtoto. Jumatatu nakuja."

Sekela alinisindikiza mpaka barabarani. "Wifi," aliniambia, "hata akija kumpenda nusu. Hiyo nusu itakuwa imemshika mkono." Nilitembea nikijisemea njia nzima, watu wakinipisha.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kofia zilikuwa za aina mbili, hai na mfu. Nusu ya wagonjwa huvalishwa mfu, ambayo inanguruma na kuusoma woga vile vile lakini haibani chochote, ili tujue tiba inatokana na kofia au na imani tu. Sanduku la kofia, lenye kompyuta ndani yake, ndilo linalochagua nani avae ipi. Mgonjwa hajui, wala sisi hatupaswi kujua. Ila waliozitengeneza huko walikozitengenezea hawakuijua baridi ya Tukuyu. Kofia hai ikiwashwa hupata joto kidogo nyuma ya masikio. Mfu hubaki ya baridi. Vidole vyako vikiwa vimeganda kwa ukungu, utakosaje kulihisi hilo? Sote tuliowavalisha watu tulijua tangu mwezi wa kwanza, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Jumatatu sanduku lilimchagulia Ambwene kofia namba kumi na tisa. Niliiwasha, nikaishika pale panapokaa nyuma ya masikio. Ilikuwa ya moto.

Alikuwa amekaa nyuma yangu, amevaa shati la harusi yake, magoti yanachezacheza. Tumpe alisikika kwenye chumba cha pili akimuuliza mama yake kama leo Baba atatoka kwenye kioo. Nikasema, "Hii mkanda wake umelegea," nikairudisha, nikachukua ishirini na mbili. Nikasubiri dakika nzima. Baridi. Nikamvalisha, na kwenye karatasi nikaandika kumi na tisa. Mikono haikunitetemeka hata kidogo, na hilo linanisumbua mpaka leo.

"Anza na sakafu," nilimwambia. "Viganja vyote viwili."

Aligusa. Skrini ya alama hutakiwa kuachwa imefunikwa ili tusijue kofia ni ipi, lakini siku ile niliifunua: hamsini, sitini na tano. Kisha soli ya kiatu changu, yenye matope ya njiani. Sabini na nane. Kisha ajipake usoni. Alinitazama kama nimemwambia ajirushe. Akajipaka. Themanini na nne.

"Dada, haifanyi kazi."

"Subiri."

"Haifanyi kazi, nakwambia! Wewe si ulisema itaishia arobaini?"

"Subiri, Ambwene."

Nilifungua mlango. Tumpe aliingia mbio, mdomo umejaa ndizi, kisha akasimama ghafla, maana hakuwahi kumwona baba yake mzima mzima, mwenye miguu. Akanigeukia mimi. "Shangazi, nimshike?"

"Muulize yeye."

Hakumuuliza. Alimpanda. Ndizi, kamasi, matope, vyote shingoni mwa baba yake. Ambwene alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Tisini na sita. Mikono yake ilikaa hewani, vidole vimetanuka, jasho likimchuruzika puani, na mimi nikiwa hatua mbili tu kutoka kwake na beseni la maji nyuma ya mlango. Kila mfupa wangu ulitaka kuliendea. Nilijishika kwenye meza. Dakika ya tisa aliteremsha mkono mmoja mgongoni kwa mtoto. Dakika ya kumi na nne, wa pili. Dakika ya ishirini alama zikasema tisini, kisha themanini na moja, kisha nikaacha kuangalia kwa sababu macho yangu hayakuona vizuri. Dakika ya arobaini na moja Tumpe alikuwa amesinzia na alama zilikuwa ishirini na nane.

"Mashine hii," Ambwene alininong'oneza, machozi yakimdondokea mtoto nyweleni. "Mungu awabariki waliotengeneza mashine hii, Dada."

Hapo ndipo ningemwambia. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nasubiri wiki moja ipite.

Wiki ikapita, zikapita tano. Alihamia ndani. Vidole vilifunga. Alikula sahani moja na binti yake, akanipigia simu si kuniuliza kama alinawa bali kuniambia kwamba Tumpe ana kikohozi na yeye baba hajalala kwa kumhofia. Alimpeleka zahanati mgongoni, akihema kwa wasiwasi wa baba wa kawaida. Nilimshukuru Mungu kwa kikohozi kile. Na kila alipopita alihubiri kofia: kwa walimu wenzake, kwa majirani, kwa mama mmoja aliyeogopa mbwa, ambaye alikuja kuandikishwa siku hiyo hiyo.

Kisha Dokta Shekilindi akaniita, anang'aa uso mzima. "Orodha ya kofia imefunguliwa, na namba kumi na tisa ni hai. Ndugu yako ndiye atakayesimama mbele ya Baraza. Hatuna mgonjwa mwenye matokeo kama yake. Mwenye woga uliopona na mapenzi yakabaki! Umeona? Hiyo ndiyo dawa ya ripoti yako ya yule babu."

Jamani, nilikuwa nimetengeneza shahidi. Kwa mikono yangu mwenyewe niliichukua kofia nisiyoiamini, nikaipa ushahidi bora kuliko wote waliokuwa nao.

Siku tatu nilizunguka na jambo hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikisema, hofu itamrudia. Kwake yeye iliyompa nguvu ni kofia, na nitakuwa nimempokonya kofia. Nikinyamaza, mwakani kuna watoto wangapi wanaotembea juu ya mapaa huku wazazi wao wakitafuna mahindi? Nilijaribu kumshawishi Ambwene asiende. "Kwa nini?" aliniuliza. "Unaona wivu mashine imekushinda?" Alicheka, nami nikacheka naye.

Baraza lilikaa saa tano asubuhi kwenye ukumbi wa halmashauri, wajumbe saba na kamera. Ambwene aliketi mbele, amempakata Tumpe, maana mtoto alikataa kukaa kwa mama yake. Aliongea vizuri. Alisema kuhusu kioo cha dirishani, na mjumbe mmoja akatoa leso. Alimaliza hivi: "Kofia hii ilinipa mwanangu. Msiwanyime wengine." Watu walipiga makofi.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu wa Kituo mwenye la kuongeza. Dokta Shekilindi alikuwa anatikisa kichwa kwa niaba yetu sote. Nikasimama. Kiti changu kilianguka nyuma yangu na hakuna aliyekiinua.

"Kofia aliyovaa ndugu yangu ilikuwa mfu," nilisema. "Niliibadilisha mimi, nikaandika uongo kwenye karatasi. Woga wake haukubanwa. Ulifika tisini na sita, nikiona kwa macho yangu, na hakukimbia. Mnachokiona hapo si kazi ya kofia. Mkitaka kuona kazi ya kofia, mwiteni Fundi Lwitiko, mumuulize habari za mjukuu wake."

"Atuganile, kaa chini!" Dokta alisema.

"Dada, unasema nini?" Ambwene alikuwa hajageuka vizuri, shingo tu. "Unasema nini wewe?"

"Hukuwa umevaa kitu, Ambwene. Ulikuwa wewe mwenyewe."

Ukumbi ulijaa minong'ono. Yeye hakuwasikia. Alikuwa anaitazama mikono yake, iliyofumbatana juu ya tumbo la mtoto, na niliuona woga ukimrudia, maana namjua tangu utotoni: mabega yakapanda, pumzi ikawa fupi, vidole vikaanza kutanuka kimoja kimoja. Kulikuwa na bomba la maji kando ya mlango wa ukumbi. Aliliangalia. Akaliangalia tena. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake na mdomo umejaa maneno ya kumtuliza, yote niliyowahi kumpa, na nikayameza moja baada ya jingine.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikwambia nimekubali. Nilikwambia mimi si mtoto."

"Uliniambia."

"Usinisemeshe tena, Dada. Usije kwangu."

Mwenyekiti alikuwa anagonga meza, Dokta alikuwa amesimama, kamera zote zimenielekea mimi. Sikumtazama yeyote kati yao. Ambwene alikuwa ametokwa na jasho kama siku ile, midomo imekauka, vidole vimefungika tena juu ya tumbo la mtoto, vimekaza. Tumpe aliinua uso.

"Baba, unanibana," alisema.

"Najua, mama," alimjibu, macho bado kwenye bomba. "Vumilia kidogo." Wala hakumwachia.